Jinsi ya kumfaa rafiki aliyeungua vibaya anapouguzwa nyumbani

MTU aliyeungua vibaya anaporuhusiwa kuondoka hospitalini, jamaa na marafiki huhisi kwamba balaa imepita. Gari hukodishwa, chai huandaliwa, maombi hufanywa, kisha kila mmoja hurejea kwa shughuli zake. Kwa majeruhi mwenyewe, sehemu ndefu ya matibabu ndiyo kwanza inaanza. Huendelea kwa mwaka mmoja au miwili, mara nyingi katika chumba cha kupanga, mbali na wauguzi waliokuwa wakimfunga bandeji na kumnyoosha vidole.

Wakenya wameushuhudia mkondo huo mara nyingi. Lori la mafuta liliwaka moto Sachang'wan, karibu na Molo, mnamo Januari 31, 2009 na kuua zaidi ya watu 100. Mnamo Septemba 12, 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwa bomba yalishika moto katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi. Februari 2024, gesi ililipuka usiku mtaani Embakasi na kujeruhi zaidi ya watu 200. Kila mara taifa lilishtuka na misaada ikamiminika. Makovu ya walionusurika yalibaki muda mrefu baada ya habari hizo kutoweka magazetini.

Hata hivyo, wengi wa wanaoungua hawatokani na mikasa mikubwa kama hiyo. Ni watu waliomwagikiwa na uji au maji moto, waliolipukiwa na jiko la mafuta taa au mtungi wa gesi, waliopigwa na stima, au walioangukia moto kwa sababu ya kifafa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu 180,000 hivi hufariki kila mwaka kutokana na kuungua, wengi wao katika mataifa yenye mapato ya chini na ya wastani.

Ili kusaidia ipasavyo, ni muhimu kuelewa jinsi ngozi inavyopona. Jeraha la juu juu hufunga kwa muda wa wiki mbili au tatu na huenda lisiache alama kubwa. Lililozama ndani haliwezi kufunga vyema peke yake. Daktari hulazimika kutoa ngozi nyembamba kutoka sehemu ya mwili isiyoungua, aghalabu pajani, na kuipandikiza penye kidonda. Kwa hivyo majeruhi huwa na vidonda vya aina mbili, kile cha moto na kile cha pale ngozi ilipotolewa, na hiki cha pili chaweza kumuuma zaidi siku za kwanza.

Kidonda kikishafunga, kovu huanza kazi yake. Huvimba, huwa gumu, huwasha, na zaidi ya yote hujivuta polepole, usiku na mchana. Lililo shingoni hukivuta kidevu kuelekea kifuani. Lililo kwapani huubana mkono ubavuni, na lililo kiganjani huvikunja vidole hadi vishindwe kushika kijiko. Hali hii huweza kumpata hata mtu ambaye vidonda vyake vilifunga bila tatizo. Kovu huendelea kubadilika kwa kati ya miezi 12 na 24 kabla ya kutulia.

Hapa ndipo rafiki anapohitajika kuliko penginepo. Majeruhi hupenda kulala na kuketi katika mkao usiomuuma, yaani kiwiko kimekunjwa, goti limekunjwa, kichwa kimeinama. Kwa bahati mbaya, mkao huo ndio unaolipa kovu nafasi ya kukaza. Aliyeungua sehemu ya mbele ya shingo hafai kulalia mto, na aliyeungua nyuma ya goti hafai kuwekewa mto chini ya goti hilo, ingawa ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni mwenye huruma hukimbilia kufanya. Mkono ulioungua kwapani huwekwa mbali na mwili. Ikiwa hospitali imempa mgonjwa kifaa cha kunyoosha kiungo usiku, rafiki anaweza kuangalia kwamba kinavaliwa na hakiachwi juu ya kabati.

Mazoezi ya kunyoosha viungo hufanywa mara kadhaa kwa siku, dakika chache kila mara, kwa kufuata maagizo ya mtaalamu wa fiziotherapia. Yanauma, na hakuna faida ya kumdanganya mgonjwa kwamba hayaumi. Dawa ya kutuliza maumivu aliyoandikiwa yafaa inywewe nusu saa hadi saa moja kabla ya kuanza. Kovu lililofunga hupakwa mafuta na kukandwa taratibu ili lilainike, kisha kiungo hunyooshwa polepole hadi mvuto uhisike, hushikiliwa hapo kidogo, na kuachiliwa. Kukivuta kwa ghafla huweza kuchana ngozi changa. Rafiki aliyeandamana na mgonjwa kliniki japo mara moja, akaonyeshwa zoezi kwa macho yake, hufaa kuliko kumi walioelezwa kwa simu.

Huruma nayo inaweza kudhuru. Mtu akilishwa, akichanwa nywele na kufungwa vifungo vya shati kila siku, vidole vyake hukaa bure na kukakamaa. Ni heri chai imwagike mara tatu. Kikombe chenye kishikio kipana na kijiko ambacho mpini wake umezungushiwa kitambaa humwezesha kujilisha mapema. Kazi ya rafiki ni kukaa karibu, kuvumilia kuona jambo la dakika mbili likichukua dakika 15, na kuingilia tu anapoombwa. Wengi huona hilo kuwa gumu kuliko kuosha vyombo.

Baadhi ya hospitali huagiza nguo maalumu za kubana, zilizopimwa kwa mwili wa mgonjwa, ili kulizuia kovu lisiinuke. Huvaliwa kwa takriban saa 23 kwa siku na kuvuliwa tu wakati wa kuoga na kupaka mafuta. Zina joto, na hulegea baada ya miezi michache hivi kwamba sharti zishonwe nyingine. Kumnunulia mgonjwa nguo ya pili, ili moja iwe mwilini na nyingine kwenye kamba ya kuanikia, ni zawadi bora kuliko maua na kadi.

Mwasho nao huweza kumtesa majeruhi kuliko maumivu, hasa usiku. Kucha hukatwa fupi, kovu hupakwa mafuta yasiyo na manukato mara kwa mara, na kitambaa kilicholowekwa maji baridi huwekwa juu yake. Mwasho ukizidi, daktari anaweza kuandika dawa. Isitoshe, ngozi iliyopandikizwa haitoi jasho kama ya awali, na mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili huelemewa upesi na joto. Anayeishi Mombasa au Garissa anahitaji kivuli, maji ya kunywa, na matembezi ya alfajiri au jioni. Kofia pana na nguo za mikono mirefu humkinga na jua, ambalo huunguza ngozi changa haraka na kuiacha na madoa.

Kuhusu vidonda ambavyo bado viko wazi, anayevishughulikia anawe mikono kwa sabuni na kufuata maagizo ya muuguzi. Majirani hawatakosa kupendekeza dawa ya meno, majivu, yai bichi au mafuta ya kupikia. Vitu hivyo havifai kuwekwa penye kidonda. Homa, usaha, harufu mbaya, au uvimbe na maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, ni sababu ya kurudi hospitalini siku iyo hiyo bila kungojea tarehe ya kliniki.

Chakula hakihitaji maelezo marefu. Mwili unaojenga ngozi hutumia nguvu na protini nyingi kwa miezi mingi, hivyo anayebeba mayai, maziwa, maharagwe, ndengu au omena anapomtembelea mgonjwa amebeba sehemu ya matibabu. Sigara huchelewesha kupona.

Majeraha ya moyoni huchukua muda wake. Wengi hupata jinamizi, hushtuka wanaposikia harufu ya moshi, au huogopa kukaribia jiko. Aliyenusurika penye moto uliowaua wenzake huweza kubeba hatia isiyo yake. Kumwambia ashukuru Mungu kwa kuwa yu hai, ingawa ni kwa nia njema, mara nyingi humnyamazisha. Wala si vyema kila mgeni kumtaka asimulie upya yaliyotokea. Akitaka kusimulia, asikilizwe.

Siku ya kwanza ya kutoka nje ina uzito wake, hasa kwa aliyeungua usoni. Ndani ya matatu watu watamkodolea macho, na watoto watauliza kwa sauti. Rafiki anaweza kukubaliana naye mapema kuhusu jibu fupi, kwa mfano kwamba aliungua na sasa anaendelea kupona, kisha mazungumzo yageuzwe. Safari ya kwanza iwe fupi, pengine hadi dukani, na ifuatwe na nyingine. Endapo majeruhi atajifungia kwa wiki nyingi, kukataa chakula au kusema kwamba hataki kuishi, hilo ni jambo la dharura la kupeleka kwa daktari au mshauri nasaha, na si vyema aachwe peke yake.

Kuna pia walioungua kwa sababu walichomwa na mtu, pengine mwenzi wa ndoa. Kwa hao swali la kwanza ni kama nyumba wanayorejea ni salama. Rafiki anaweza kumpa mahali pa kukaa, na kuandamana naye kituo cha polisi kutafuta fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Kwa mwenye kifafa, dawa zinywewe bila kukosa na jiko liinuliwe kutoka sakafuni, la sivyo ataungua tena.

Gharama ndizo huwashinda wengi. Harambee hufanywa wiki ya kwanza, bili ikiwa imeiva, ilhali nauli ya kwenda kliniki, bandeji na mafuta huhitajika kila mwezi. Kundi la marafiki watano, kila mmoja akijitwika tarehe moja ya kliniki au mchango mdogo usiokatika, husaidia kuliko mchango mkubwa wa mara moja. Inafaa pia kuangalia kama majeruhi amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kama michango yake imelipwa. Aliyebaki na ulemavu anaweza kuomba kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Zamu hizo za marafiki humpa nafuu hata mama, mke au ndugu anayemuuguza, ambaye kwa kawaida hajalala usiku mzima tangu siku ya ajali.

Kiungo kilichokwisha kukunjwa na kovu hakijapotea. Upasuaji wa kulilegeza unaweza kufanywa hata baada ya miaka, ingawa mazoezi na vifaa vya kunyoosha huhitajika tena baadaye. Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kovu la zamani, hasa lililokuwa likipasuka mara kwa mara, huweza kugeuka saratani. Kidonda kipya kinachotokea juu ya kovu na kukataa kupona kwa wiki kadhaa kinafaa kuchunguzwa na daktari, hata kama moto wenyewe ulitokea miaka 20 iliyopita.