Kipimo data cha tovuti, kupunguza matumizi ya

Kipimo data, kwa maana ya kampuni zinazopangisha tovuti, ni jumla ya data inayotoka kwenye seva kwenda kwa wasomaji, aghalabu kwa mwezi. Vifurushi vingi vina kikomo. Kikipitwa, mwenye tovuti hutozwa nyongeza au tovuti husimamishwa.

Taveta, mji wa Kenya unaotazamana na Holili ya Tanzania, gharama hiyo ina walipaji wawili: mwenye tovuti hulipia seva, msomaji hulipia bando. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, ila anayenunua data ya siku moja bado huhesabu kila megabaiti, na ni haki yake kuhurumiwa.

Tuseme mfanyabiashara anatangaza ndizi zake kabla ya soko la Jumatano au Jumamosi. Picha ya simu yenye nukta 4,000 kwa 3,000 ina nukta milioni 12. Ikipunguzwa hadi 800 kwa 600 hubaki na nukta 480,000, sehemu moja ya 25, na mnunuzi wa Mombasa bado anauona mkungu vizuri. Ukurasa wa megabaiti 3 ukifunguliwa mara 10,000 hula gigabaiti 30. Wa megabaiti 0.6 hula gigabaiti 6. Wengi hukosea hapa: huibana picha ionekane ndogo kwenye ukurasa, kumbe faili zima linasafiri vilevile. Ni lazima faili lenyewe lipunguzwe kabla ya kupakiwa. Muundo wa WebP, uliotolewa na Google mwaka 2010, kwa kawaida hulipunguza zaidi kuliko JPEG.

Maandishi nayo hubanwa na seva kwa gzip au Brotli, mara nyingi yakapungua kwa zaidi ya nusu. Seva pia huweza kukiagiza kivinjari kitunze nembo na picha zisizobadilika; msomaji akirudi, faili ambalo halijabadilika hujibiwa kwa namba 304 tu, bila kutumwa upya.

Kumbukumbu za seva zikaguliwe, kwa sababu tovuti nyingine huweza kuonyesha picha zako moja kwa moja kutoka kwenye seva yako, nawe ukalipia wasomaji wao. Seva huweza kuzuia hilo. Roboti zinazopitia tovuti nazo hula data; faili la robots.txt, utaratibu wa tangu 1994, huziomba zisipite sehemu fulani, lakini haliwezi kuzilazimisha.

Video isiwekwe kabisa kwenye seva ndogo. Iwekwe YouTube, na ukurasani kibaki kiungo.