Sherifu si sharifu: asili ya neno, na funzo kutoka Kisii

Nilikuwa Kisii mjini nikizungumza na mzee mmoja wa Nyamira, nikamtaja jirani yangu wa Mombasa, Sharifu. Mzee akaniuliza, "Huyo ni polisi, kama wale wa sinema za Marekani?" Nilicheka, lakini swali lake lilinifikirisha.

Maneno haya hayana udugu. Sharifu ni la Kiarabu, lenye maana ya mtukufu. Kwetu Pwani huitwa hivyo mtu wa kizazi cha Mtume. Sherifu ni la Kiingereza cha kale, limeungwa kwa maneno mawili: "scir", yaani jimbo, na "gerefa", yaani msimamizi. Alikuwa msimamizi wa jimbo kwa niaba ya mfalme. Alikusanya kodi, na mwizi akitoroka aliweza kuwaita wanaume wote wenye nguvu wamsake. Walowezi walilihamishia neno hilo Marekani, ambako sherifu wengi leo huchaguliwa kwa kura.

"Kusaka mwizi kijiji kizima?" mzee akasema. "Hiyo ni Sungusungu."

Hakukosea sana. Sungusungu ni wadudu chungu weusi waumao. Jina hilo lilipewa walinzi wa vijiji vya Usukuma na Unyamwezi, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliopambana na wezi wa ng'ombe. Mwaka 1989 sheria ya Tanzania iliwatambua. Kisii na Nyamira nako wanakijiji walishika doria kwa jina hilohilo, ila kundi likaja kushutumiwa kwa kupiga na kuua washukiwa bila mahakama. Oktoba 2010 serikali ya Kenya ililipiga marufuku pamoja na makundi mengine, likiwemo MRC la huku kwetu.

Sherifu naye alidhulumu watu. Ndiyo maana mkataba wa Magna Carta wa 1215 ulimbana mfalme wa Uingereza asiteue sherifu asiyeijua sheria na asiyekusudia kuifuata.

Ndugu zangu wa Pwani, nasi mitaani twachoshwa na vijana wa visu, na kila mara huzuka wazo la kuunda kikosi chetu wenyewe. Hofu hiyo naielewa. Lakini kabla hatujamkabidhi mtu rungu, tuulize: akimpiga asiye na hatia, atawajibika kwa nani?