Watu wa Barazani: Historia ya Neno "Stoic"

Mwanafunzi asomaye vitabu vya Kiingereza hukutana mara kwa mara na neno "stoic". Mzee aliyefiwa na mwanawe asitoe chozi huitwa hivyo. Askari aliyejeruhiwa asilalamike naye huitwa hivyo. Wako wanaolifasiri kuwa ni "mtu asiye na hisia". Tafsiri hiyo ina kasoro, na kasoro yake haionekani mpaka tuijue nasaba ya neno lenyewe.

Asili yake ni mahali. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Zeno, mwenyeji wa Citium katika kisiwa cha Kupro, alianza kufundisha mjini Athene. Alikutana na wanafunzi wake katika baraza moja la mji, lenye nguzo na kuta zilizopambwa kwa picha. Baraza la namna hiyo Wayunani waliliita "stoa". Na wafuasi wa Zeno wakaitwa Wastoiko, yaani watu wa barazani. Jina hilo limo hata katika Biblia ya Kiswahili, katika Matendo ya Mitume, mlango wa 17, Paulo alipokutana nao Athene.

Walifundisha nini? Epictetus, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu, alieleza kuwa mambo ni mafungu mawili: yaliyo katika uwezo wetu, kama hukumu na nia zetu, na yasiyo katika uwezo wetu, kama mali, sifa na mauti. Hasira, hofu na tamaa, kwa maoni yao, huzaliwa na hukumu zilizopotoka, nazo hapana budi zing'olewe. Hata hivyo hawakukataza kila hisia. Furaha, hadhari na nia njema walizihesabu kuwa ni hisia zimfaazo mwenye hekima. Seneca aliongeza kuwa kushtuka na kubadilika rangi si kosa la mtu, kwani hutokea kabla akili haijatoa hukumu yake.

Yafaa pia tukumbuke habari za Marcus Aurelius, Mstoiko aliyetawala dola ya Kirumi tangu mwaka 161 hadi 180. Maandishi ya kale ya Kirumi yasimulia kwamba, kabla hajatawala, alimlilia mwalimu wake aliyefariki. Watumishi wa jumba walipotaka kumzuia, baba yake wa kulea, mfalme Antoninus, aliwaambia wamwache awe binadamu, kwa kuwa falsafa wala utawala haviondoi mapenzi ya moyo.

Katika Kiingereza neno hili lilikuwa kwanza jina la wanafalsafa hao tu. Kufikia mwisho wa karne ya 16 lilikwisha kutoka vyuoni na kuingia katika mazungumzo ya watu. Shakespeare, katika mchezo wake *The Taming of the Shrew*, alilichezea kwa kuwaweka Wastoiko sambamba na magogo. Hivyo mwenye hekima akafananishwa na gogo! Ndivyo lilivyopatwa pia neno lao jingine, "apatheia", lililokuwa na maana ya kuwa huru na misukosuko ya nafsi. Waingereza walilifanya "apathy", yaani hali ya kutojali.

Basi mfasiri wa Kiswahili afanyeje? Anapotajwa mwanafalsafa, na aandike "Mstoiko". Anapotajwa mtu wa kawaida, "mstahimilivu" latosha. Na ikiwa ni tendo, lugha yetu ina msemo bora zaidi: kupiga moyo konde. Msemo huo wakiri kwamba moyo upo, nao unauma. Kama haungeuma, pasingekuwa na haja ya kuupiga konde.

Jambo hili halihusu kamusi peke yake. Mwalimu amwonapo mwanafunzi aliyefiwa ameketi kimya darasani, asiseme kuwa hana hisia. Kunyamaza kwa mwenye uchungu si dalili ya kukosa uchungu.