Jumamosi Zetu: Historia Fupi ya Kwaya Katika Miaka 25



Wapendwa wanakwaya, waumini wa parokia na wageni wetu wote, karibuni katika Jubilei ya Fedha ya kwaya yetu. Kamati ya maandalizi ilituomba tuandike historia. Majina ya viongozi waliotangulia, orodha ya kanda tulizorekodi na picha za mashindano mtazikuta katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, kwa hivyo hapa hatutazirudia. Tumefungua madaftari ya kumbukumbu za mikutano, yale ya zamani yenye jalada gumu na haya ya sasa, na jambo moja limetushangaza. Dominika zimeandikwa mstari mmoja mmoja: nyimbo za Misa, waliochelewa, walioomba ruhusa. Zilizojaza kurasa ni Jumamosi. Na wote tunaoishi Migori na Homa Bay tunajua Jumamosi ni siku ya nini. Ni siku ya mazishi.

Lakini kwanza tuseme tulikotoka, maana baadhi ya vijana wetu hudhani kwaya ilianza siku kinanda kilipoletwa.

Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Wamisionari wa Mill Hill walikuwa Kisumu tangu 1903, na baadaye wakashuka upande huu wa kusini, wakajenga Nyabururu kule Kisii na Asumbi huku kwetu. Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka yakaingia Kisii, mapadre wakalazimika kuondoka, na misheni ya Nyabururu ikaporwa. Kanisa la hapa, basi, lilijua shida tangu utoto wake.

Misa ya siku hizo ilikuwa ya Kilatini. Babu zetu waliimba maneno wasiyoyaelewa, na wazee wanasema waliyaimba vizuri sana. Nyatiti, orutu na ngoma za ohangla zilibaki nje ya kanisa, kwa sababu zilihusishwa na pombe na desturi za matanga kama tero buru, ile ya kufukuza kifo kutoka bomani. Matokeo yake ni kwamba Mkristo wa Kijaluo alikuwa na nyimbo za aina mbili. Dominika alimwimbia Mungu kwa lugha ya Roma, na alipofiwa alilia kwa muziki wa nyumbani. Hatuwalaumu wamisionari kwa kila jambo, lakini hapo ndipo palipokuwa na ufa: Kanisa lilikuwa na sauti kwa ajili ya altare, halikuwa na sauti ya kutosha kwa ajili ya boma lenye msiba.

Mwaka 1963 ufa huo ulionekana wazi. Tarehe 4 Desemba, siku nane tu kabla ya Kenya kupata uhuru, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Liturujia iliyofungua mlango kwa lugha za watu na kwa muziki wa mapokeo yao. Wakati huohuo, huku kwetu, Wakatoliki wengi walikuwa wanamfuata Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko katika Legio Maria, wakitafuta Kanisa linaloombea wagonjwa na kukabili uchawi bila kuona haya. Kituo chao kikubwa, Got Kwer, kipo hapahapa Kaunti ya Migori. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba wao walioondoka wameendelea kutumia Kilatini katika ibada zao hadi leo, na sisi tuliobaki tumekiacha. Tunakutana nao mara nyingi makaburini, wakiwa na kanzu zao za rangi, na mara nyingine tumepokezana nyimbo usiku kucha bila mtu kuuliza nani ni wa wapi.

Kwa upande wa utawala, sehemu zetu zilikuwa chini ya Jimbo la Kisii tangu 1960, chini ya Askofu Maurice Otunga ambaye baadaye alikuwa Kardinali, kisha Askofu Tiberius Mugendi. Tarehe 18 Oktoba 1993 Jimbo la Homa Bay lilizaliwa, Askofu Linus Okok Okwach akiwa wa kwanza kuliongoza, nalo linahudumia kaunti zetu zote mbili.

Wageni huuliza kwa nini kwaya ya Migori inaimba Kiswahili zaidi kuliko Dholuo. Jibu lipo sokoni. Katika mji huu Mjaluo anauza, Mkuria ananunua, Mkisii anasafirisha, Mluhya anashona, na Isibania haiko mbali, ambako ukivuka unaingia Sirare, Tanzania. Kanda za kwaya za Tanzania zilifika huku na matatu kabla ya sisi kujua kusoma solfa. Nyimbo za John Mgandu na Bernard Mukasa tulizijua kwa kusikiliza, tukizirudisha nyuma tena na tena mpaka betri zinakwisha. Walimu miongoni mwetu ndio waliokuja kutufundisha nota ubaoni kama wanavyofundisha hesabu. Dholuo tunaimba pia, na Kikuria, hasa wakati wa matoleo, na hapo ndipo kina mama hutuonyesha kwamba mazoezi yote ya ubaoni hayajafikia kiuno.

Kwaya yetu ilianza mwaka 2000, Mwaka wa Jubilei Kuu. Wengine wetu tunaoandika haya tulikuwa bado shule ya msingi. Ilianza katika wakati mgumu kuliko wote ambao wazee wetu wanaukumbuka. Mwishoni mwa 1999 Rais Moi alikuwa ametangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, lakini hapa hatukuhitaji tangazo. Tulihesabu makaburi mapya tukienda shule. Hata miaka mingi baadaye, makadirio ya 2013 yalionyesha kwamba watu wazima 25.7 kati ya kila 100 wa Homa Bay walikuwa wanaishi na virusi, na Migori 14.7, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 6. Fikirieni basi hali ilivyokuwa kabla ya dawa.

Kurasa za miaka hiyo ni ngumu kusoma. Jumamosi moja ina mazishi mawili, nyingine matatu, kwaya imegawanywa: sauti ya kwanza na ya tatu waende Nyatike, ya pili na ya nne wabaki Suna. Kisha majina yanaanza kuwa ya wanakwaya wenyewe. Mtu anaandikwa "mgonjwa" kwa wiki sita, kisha haandikwi tena kwenye mahudhurio, anaandikwa kwenye mchango.

Watu waliogopa kusema ugonjwa ulikuwa nini. Wengine walisema ni chira, laana ya kuvunja miiko, na aliyepatwa na chira majirani hawakuwa na haraka ya kumtembelea. Kuna maboma ambayo watu walifika dakika ya mwisho, wakasimama mbali, wakaondoka kabla ya chakula. Kwaya ilifika Ijumaa jioni pamoja na mwili na ililala pale. Hatukuwa na dawa wala mafundisho marefu, ila tulikuwa na taa ya karabai, ngoma moja na nyimbo za kutosha mpaka alfajiri. Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye sasa ni bibi, hutuambia kwamba siku alipomzika mumewe alijua nani anamwogopa kwa kuangalia nani alikula kwake. Anasema wanakwaya walikula wote, mpaka sufuria ikakwanguliwa.

Wajane ndio waliokuwa uti wa mgongo wa sauti ya pili. Kwa desturi ya Kijaluo mjane ambaye hajarithiwa haingii nyumba za watu, na wengi wa kina mama hawa walikuwa wamekataa kurithiwa, wengine kwa ajili ya imani, wengine kwa ajili ya uhai wao, na wengi kwa yote mawili. Mazoezi yalikuwa yakifanywa kwa zamu katika nyumba za wanakwaya. Hilo lingewaacha nje. Hakuna hotuba iliyotolewa. Daftari linasema tu kwamba kuanzia wiki iliyofuata mazoezi yatafanyika chini ya mwembe wa kanisa, na ndivyo ilivyo mpaka leo, hata mvua ikitutawanya.

Dawa zilipokuja, zilikuja kupitia Homa Bay. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa katika hospitali ya pale tangu 1996, na mwaka 2001 walianza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo. Habari hiyo ilipita kwenye kwaya haraka kuliko kwenye redio. Watu walipanda matatu asubuhi na mapema wakisema wanakwenda kumsalimia shangazi. Wapo wanaoimba nasi leo ambao walisindikizwa safari ile ya kwanza na mwenzao wa sauti hiyohiyo, na hatutawataja, ila wao wanajijua, na tunafurahi kwamba leo watakata keki nasi.

Kulikuwa na mabishano pia, na historia isiyo na mabishano ni tangazo tu. Kubwa zaidi limekuwa hili: tumwimbie nani? Sheria ya zamani ya Kanisa, ile ya 1917, iliwanyima mazishi ya kikanisa watu wa namna nyingi, wakiwemo waliojiua. Sheria ya 1983 haiwataji tena. Lakini kijijini sheria mpya hufika polepole. Halafu kuna yule asiyehudhuria jumuiya ndogo ndogo, asiyelipa zaka, aliye na wake wawili. Familia inataka Misa, viongozi wa jumuiya wanauliza kadi. Suala la Misa ni la paroko, si letu. Letu ni kwenda au kutokwenda. Baada ya mikutano mitatu, mmoja wao ulioendelea hadi giza likaingia, wanachama walikubaliana kwamba palipo na Misa tutaimba Misa, na pasipo na Misa, familia ikituita, tutakwenda na katekista na kuimba sala za marehemu. Wengine waliona tunalegeza mambo. Sisi tunaona waliofiwa ndio wanaosikia, na kadi ya marehemu haiwahusu watoto wake.

Tunakumbuka msichana mmoja wa kwaya aliyefariki kabla ya kuolewa. Wazee walisema, kwa mujibu wa mila, kaburi lake liwe nje ya ua. Mama yake alilia sana. Kwaya haikuwa na mamlaka ya kuhamisha kaburi. Tulichofanya ni kuhamisha viti, maturubai na kinanda mpaka nje ya ua, na Misa yote ikasomewa huko, wazee wakiwemo.

Mwaka 2020 ndio mwaka pekee ambao Jumamosi zetu zina kurasa tupu. Makanisa yalifungwa mwezi Machi, na mazishi yakaruhusiwa watu 15 tu. Ukihesabu familia, padre na wachimba kaburi, kwaya haina nafasi. Makanisa yalipofunguliwa Julai kwa watu 100 na saa moja, wenye zaidi ya miaka 58 hawakuruhusiwa kuja, na hao ndio wanaojua nyimbo zote za matanga kwa kichwa. Tulirekodi nyimbo kwenye simu tukawatumia wafiwa. Haikuwa sawa. Mzee mmoja wa sauti ya nne alizikwa hivyo, na mwaka uliofuata tulikwenda bomani kwake tukaimba saa tatu mfululizo, deni letu kwake likiwa la aina hiyo.

Siku hizi mazishi yamepungua, ashukuriwe Mungu, na shida zimebadilika sura. Vijana wetu wamo machimboni Nyatike wakitafuta dhahabu, wengine ni boda boda, wengine wanalima miwa Awendo na kungoja malipo. Wenzetu wa parokia za ufuoni wanatuambia mazoezi yao hujaa mwezi ukiwa mpevu, kwa kuwa omena huvuliwa usiku wa giza. Bili ya hospitali na ya mochwari ndiyo inayomaliza mfuko wetu, si sare. Sare mpya mnazoziona leo zilisubiri miaka miwili kwa sababu hiyo, na wanaouliza kwa nini kitambaa si kile cha sampuli wamuulize mweka hazina kwa upole.

Katika mkutano mkuu wa mwaka jana palitolewa pendekezo kwamba tuwe tunatoza ada kwa mazishi ya wasio wanachama. Hoja haikuwa ya uroho: mafuta ya jenereta ni ghali, spika zinaharibika, na wapo waheshimiwa wanaopenda kwaya iimbe wanapofika, kisha wanaondoka na msafara. Kura zilipigwa. Familia itachangia usafiri ikiweza, isipoweza tutachangishana, na hakuna anayelipia wimbo. Pendekezo lilishindwa kwa kura nne. Litarudi, tunajua.

Baada ya Misa na chakula cha leo, wanakwaya wakutane chini ya mwembe kwa dakika kumi. Jumamosi ijayo tuna mazishi upande wa Karungu. Gari litaondoka Ijumaa saa tisa alasiri, mje na sare ya zamani, na kila mmoja abebe sweta, kule ziwani usiku kuna baridi.