Jalada, Kabrasha na Mradi: Historia ya Kuweka Maandishi Pamoja katika Pwani ya Mtwara

Miaka michache iliyopita tulipewa kazi ya kufasiri mwongozo mfupi wa programu ya kuhariri matini kwa ajili ya walimu na watumishi wa ofisi mkoani Mtwara. Mwongozo huo ulieleza, pamoja na mambo mengine, namna ya kuyakusanya mafaili ya kazi moja chini ya jina moja ili yapate kufunguliwa kwa pamoja. Tulipofika hapo tuliandika, bila kusita, kwamba mafaili yamo "ndani ya kabrasha la mradi". Mwalimu mmoja aliyafuata maneno yetu kama yalivyo. Alinakili "kabrasha" hilo katika flashi, kisha akairudisha mashine aliyokuwa ameazimwa, nayo ikasafishwa na kupewa mtu mwingine. Alipofungua flashi yake aliyakuta majina ya mafaili yote yamejipanga vizuri, na nyuma ya majina hayo hapakuwa na kitu. Masomo aliyoyaandika kwa mwaka mzima yalikuwa yamebaki katika mashine ya kwanza, na huko yalikwisha kufutwa.

Kosa lilikuwa letu. Tulitumia neno la chombo mahali palipohitaji neno la orodha. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi kosa hilo lilivyoweza kuepukwa, kwa kufuata historia ya kuweka maandishi pamoja katika pwani ya Mtwara na mlango wa mto Ruvuma. Tunaamini kwamba makarani wa sehemu hizo walikwisha kukutana na tatizo lenyewe kabla ya kompyuta kuonekana, na kwamba istilahi iliyo njema yaweza kupatikana katika kazi yao.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Jalada ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni ngozi. Ndiyo ngozi iliyofunika kitabu. Faili limetoka katika Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kwa njia ya Kifaransa kutoka neno la Kilatini lenye maana ya uzi, kwa kuwa karani wa Ulaya ya zamani alizitunga karatasi zake katika uzi au waya kama mvuvi wa Msimbati atungavyo samaki. Kwa hiyo jalada, kwa asili yake, ni kifuniko, na faili ni mtungo. Ofisini tumeyafanya kuwa kitu kimoja, na hatuoni ubaya, mradi tukumbuke kwamba zamani yalikuwa mawili. Kabrasha tunalifahamu zaidi mikutanoni, ambako mjumbe hupewa karatasi zake zote zikiwa zimefungwa pamoja. Kasha, bweta na shubaka ni mahali pa kutilia vitu; hata leo mgeni aingiaye katika nyumba za zamani za mawe za pwani aweza kuyaona mashubaka ukutani. Hayo yote, isipokuwa mtungo, ni maneno ya ndani na nje: kitu ama kimo ama hakimo.

Mikindani ni mahali pazuri pa kuanzia historia hii. Mji huo ulikuwa bandari ya biashara kabla ya wakoloni, na Livingstone alishukia hapo mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho. Wajerumani walijenga boma lao mwaka 1895, na jengo hilo lingaliko. Utawala wa Kijerumani ulipokea barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu kutoka kwa maliwali, maakida na wafanyabiashara wa pwani, na kwa njia hiyo barua ya Kiswahili ikaingia katika jalada la Kijerumani. Desturi ya Wajerumani, hasa wa Prussia, ilikuwa kuzishona karatasi kwa uzi, moja juu ya nyingine, kwa tarehe. Karatasi iliyoshonwa haipotei kwa urahisi. Lakini pia haiwezi kukaa mahali pawili. Barua moja ya akida yaweza kuzungumzia kodi, mpaka na ugomvi wa shamba, na karani hana budi kuchagua ni katika jalada gani aishone.

Mfano wa ugumu huo ni habari ya Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma. Wajerumani waliichukua nchi hiyo ndogo mwaka 1894; Wareno waliitwaa mwaka 1916, na baada ya vita ikathibitishwa kuwa yao. Mtu atakaye kuijua historia ya kijiji kimoja tu cha huko hana budi kufuata karatasi za dola mbili, katika lugha mbili, ambazo hazikupata kuwekwa katika kabati moja. Ni habari moja, lakini hakuna chombo kilichowahi kuibeba yote.

Waingereza walikuja na masjala ya namna nyingine. Kila jambo lilifunguliwa jalada lake na kupewa namba; kila karatasi ndani yake ilipewa namba ya folio; maofisa wakaandikiana madokezo katika jalada hilo hilo, na karani akaandika katika daftari ni nani amelichukua na lini. Msomaji aliye mtumishi wa serikali atayatambua mambo hayo, maana sehemu kubwa ya utaratibu huo tumeurithi. Linalotuhusu hapa ni jambo dogo lililo juu ya kila barua yetu ya serikali: "Kumb. Na.". Namba hiyo haisemi barua iko wapi. Husema barua ni ya nini. Jalada laweza kuwa mezani kwa Katibu Tawala, au njiani kwenda Masasi, au limezuiliwa na ofisa fulani kwa muda wa miezi mitatu (jambo ambalo si geni kwetu), na bado barua ikajulikana kuwa ni ya kundi lile. Na ikiwa barua ilihusu mambo mawili, karani aliandika katika jalada la pili kwamba jalada la kwanza nalo litazamwe. Karatasi ilibaki moja, nayo ikaorodheshwa mara mbili. Kwa maoni yetu hiyo ni hatua kubwa kuliko aina yoyote ya kabati.

Utaratibu huo ulijaribiwa sana na mpango wa karanga. Serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 na ikauacha mwaka 1951. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo; na kwa ajili ya Nachingwea ulijengwa mji mpya wa Mtwara, bandari ya kina kirefu iliyokamilika mwaka 1954, wakati karanga zenyewe zilikwisha kushindwa, na reli iliyokuja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karatasi za kazi hiyo zilitawanyika: kwa Wizara ya Chakula London, kwa kampuni iliyokabidhiwa kazi mwanzoni, kwa shirika la umma lililoipokea mwaka 1948, katika Sekretarieti ya Dar es Salaam, na katika ofisi za Jimbo la Kusini. Hakuna aliyeweza kusema "mpango wa karanga umo ndani ya" kitu fulani. Hata hivyo kila aliyeshika karatasi yake alijua kwamba ni ya mpango huo.

Sasa tulitazame neno mradi. Asili yake ni Kiarabu, nayo ni kile kinachotakiwa au kukusudiwa. Maana hiyo ingali hai tunaposema "mradi ufike salama". Neno hili halikutaja chombo hata siku moja. Linataja kusudio. Mtwara na Lindi zimelizoea sana, maana baada ya karanga ilikuja mipango ya maendeleo ya mikoa katika miaka ya 1970, kisha mpango wa maendeleo vijijini uliosaidiwa na Finland kuanzia mwaka 1988 hadi 2005, na watu wa huko wakazoea kuyaona magari ya mradi, nyumba za mradi na madaftari ya mradi. Mradi ulipokwisha, magari yalikwenda njia yake na madaftari yalikwenda njia yake. Mwanakijiji hakushangaa. Alijua kwamba gari ni la mradi bila ya kuwa ndani ya mradi.

Mwaka 1967 Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Makarani waliokuwa wakiandika anwani za majalada kwa Kiingereza wakatakiwa kuziandika kwa Kiswahili. Mwaka 1971 Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mkoa wa Mtwara, na Nachingwea ikawa upande wa Lindi. Tangu hapo mtafiti wa mambo ya Nachingwea ya zamani hutazama majalada ya jimbo ambalo halipo tena, yaliyohifadhiwa Dar es Salaam. Watunza nyaraka hawakuyachambua upya majalada hayo ili yafuate mipaka mipya, nao walifanya vyema. Waliyaacha katika mpango wa ofisi iliyoyaandika, wakatengeneza orodha za kuyatafutia.

Kompyuta iliingia katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuagiza mashine hizo kutoka nje, na marufuku hiyo ikadumu miaka mingi. Ndiyo sababu istilahi za kompyuta zilichelewa kutungwa kwetu, na zilipohitajiwa kwa haraka, kama ilivyokuwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, wafasiri walichukua maneno ya ofisi ya karatasi. Wengine waliandika folda, wengine kabrasha, wengine jalada, na wengine wakapendelea saraka. Hatuwalaumu. Wenye kompyuta wenyewe walifanya hivyo hivyo. Mwaka 1965 Daley na Neumann, katika maelezo yao ya mfumo wa Multics, walieleza mpango wa mafaili ulio kama mti wenye matawi, na pia viungo vya kuliwezesha faili lililo katika tawi moja kufikiwa kutoka tawi jingine. Ndilo lile dokezo la karani wa masjala. Lakini picha ya folda iliyokuja na mashine ya Xerox Star mwaka 1981, na Macintosh mwaka 1984, iliwafundisha watu kuona chombo tu. Wakati huo, mwaka 1976, Stuart Feldman wa maabara ya Bell alikwisha kutengeneza programu iitwayo make, ambayo husoma faili moja dogo linalotaja mafaili ya kazi na jinsi yanavyotegemeana. Vihariri matini vingi vya leo vimeufuata mtindo huo. Mradi katika kihariri cha namna hiyo ni orodha ya majina na njia, iliyohifadhiwa katika faili lake lenyewe. Mafaili hubaki yalipokuwa.

Viko vihariri vingine ambavyo mradi wao ni folda iliyofunguliwa, basi, na kwa hivyo neno la chombo halimdhuru mtumiaji. Kwa hiyo mfasiri atazame kwanza programu inafanya nini kabla ya kuchagua neno.

Mapendekezo yetu ni haya. Faili libaki faili. Folda na kabrasha yatumike kwa chombo tu, na yasiwekwe karibu na neno mradi isipokuwa pale mradi ni folda kweli. Mradi ubaki mradi, kwa maana yake ya kale. Mafungu madogo ya mafaili ndani ya orodha yanahitaji jina, na hapa tulivutiwa kwanza na neno fungu lenyewe; lakini katika makadirio ya Serikali fungu lina maana yake ya fedha, na hatupendi kumchanganya mhasibu. Mwenzetu mmoja alipendekeza shada, kwa kuwa huunganishwa kwa uzi na ua likitolewa hubaki ua. Ni neno zuri, lakini ua moja haliwezi kuwa katika mashada mawili, na faili laweza. Tumerudi kwenye kundi, neno lisilo na pambo, kwa sababu mtu wa Mikindani aweza kuwa katika kundi la wavuvi na katika kundi la ngoma siku hiyo hiyo, na nyumba yake ikabaki pale pale.

Vitenzi vina uzito kuliko majina. Kuingiza faili katika mradi kuitwe kuorodhesha, na kulitoa kuitwe kuondoa katika orodha. Neno futa liwekwe kwa tendo moja tu, lile la kuliangamiza faili lenyewe. Katika mwongozo wetu wa kwanza tulikuwa tumeandika futa mahali pote pawili.

Lililobaki ni jina la lile faili dogo lenye orodha. Tunapendekeza daftari la mradi, kwa mfano wa daftari la masjala ambamo majalada huandikwa. Mtumishi aliyewahi kufanya kazi masjala hataambiwa mara mbili kwamba daftari likichukuliwa peke yake majalada hayafuatani nalo. Katika toleo la pili la mwongozo tumeandika hivi: "Ukitaka kuhamisha kazi yako, nakili daftari la mradi pamoja na mafaili yote yaliyoorodheshwa ndani yake, kisha uyafungue katika mashine ya pili kabla ya kuiachia ya kwanza."