Erlang, mtu aliyepigia hesabu msongamano wa simu

Mkesha wa Krismasi pale stendi ya Buzuruga, kila mtu ana mtu wa kumpigia. Abiria wa Musoma anawaarifu wa nyumbani waje kumpokea, wakala wa fedha za simu anahangaikia salio, makondakta wanaulizana gari limefika wapi. Simu inakata kabla haijaita, lawama zote zinaenda kwa mnara. Mnara ubebe simu ngapi kwa mpigo? Aliyelijibu swali hilo ni Agner Krarup Erlang wa Denmark, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Alizaliwa Lønborg tarehe 1 Januari 1878, mtoto wa mwalimu wa shule ya kijiji. Alipohitimu Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1901 naye akashika chaki kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 1908 kampuni ya simu ya Copenhagen ilipomwajiri.

Kampuni ilikuwa njia panda. Laini zikiwa chache, wateja wanakosa. Zikizidi, fedha inalala kwenye nyaya zisizo na kazi. Mwaka 1909 Erlang alionyesha kwamba simu, ingawa kila mtu hupiga anapotaka, kwa ujumla wake hufuata kanuni za uwezekano. Mwaka 1917 akatoa fomula zenyewe.

Tuseme kwa saa moja zinapigwa simu 300, kila moja dakika 2 kwa wastani. Hizo ni dakika 600, sawa na laini 10 zinazozungumza saa nzima bila kupumzika. Ungesema laini 10 zinatosha. Fomula inakataa: simu kama 21 katika kila 100 zitakwama, kwa sababu watu hawapigi kwa zamu. Ongeza laini 5 tu, zinazokwama hazifiki 4. Kwangu mimi, hesabu chache zimewahi kumfaa mwananchi wa kawaida kiasi hicho.

Wala hakuwa mtu wa kukaa ofisini tu. Alipopima mikondo ya umeme kwenye nyaya za simu, alizunguka mitaani na fundi aliyebeba ngazi, akashuka mwenyewe kwenye mashimo ya chini ya barabara.

Alifariki mwaka 1929 akiwa na miaka 51. Mwaka 1946 kamati ya kimataifa ya simu ikakipa kipimo cha wingi wa maongezi jina lake: erlang. Walimu wetu wa hisabati, mkifika mada ya uwezekano, mtajeni mwalimu mwenzenu huyu.