Friji Inayowashiwa Moto na Watu Walioilinda

Wasee, kuna friji ambayo haitoi baridi mpaka uiwashie moto. Sio mchezo. Unafungulia mtungi wa gesi, unawasha moto mdogo wa buluu kule nyuma, unangoja saa kadhaa, na maji yako yanakuwa baridi. Haina mota, haina kelele, haitaki stima. Ukipita Voi ukaona gari lenye kitanda na jiko ndani likielekea geti la Tsavo Mashariki, huenda limebeba friji ya aina hii.

Siku hizi vijana kibao wanaota kununua gari kuukuu, kung'oa viti, kuweka godoro na friji ya gesi, kisha safari. Ndoto poa. Lakini friji hii ina historia, na usipoijua utaiua kabla ya kumaliza mwezi. Pia inaweza kukuchomea gari.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1859 Mfaransa Ferdinand Carré alitengeneza mashine ya barafu iliyotumia amonia na maji. Ilifanya kazi, ila haikuwa kitu cha kuweka jikoni kwa mama. Mwaka 1922, wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi kule Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, wakapata njia ya kuifanya friji ijiendeshe yenyewe bila kifaa chochote kinachozunguka. Walikuwa na miaka ishirini na kitu tu. Kampuni ya Electrolux ikanunua kazi yao mwaka 1925. Hata Albert Einstein, akiwa na mwenzake Leo Szilard, alibuni friji isiyo na mota, na wakapata hataza Marekani mwaka 1930. Mimi niliyeachia chuo njiani hupenda sana hadithi ya hao wawili wa Stockholm, lakini si wao ninaotaka tuwakumbuke leo.

Kwanza, inafanyaje kazi? Moto unachemsha mchanganyiko wa amonia na maji. Amonia inapanda juu ikiwa mvuke, inapoa kwenye mabomba ya nyuma, inakuwa maji. Halafu inakutana na gesi ya haidrojeni, inageuka mvuke tena, na hapo ndipo inavuta joto kutoka kwa chakula chako. Mwisho inanyonywa na maji na kuteremka hadi chini ili ichemshwe upya. Sikia hilo neno: kuteremka. Hakuna pampu ya kusukuma. Ni kama maji ya mvua kwenye mabati. Yanafuata mteremko, na ukiupindua mteremko hayafiki kwenye tangi.

Kwa sababu haikuhitaji stima, friji hii ilifika mahali ambapo nyaya hazikufika. Ilitumia mafuta ya taa kwa utambi, kama jiko la stovu. Kazi yake kubwa kwetu haikuwa soda. Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa chanjo kwa watoto wa dunia nzima, na Kenya ikaanzisha wake, KEPI, mwaka 1980. Sasa chanjo nyingi lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto zinaharibika. Na baadhi, kama ile ya pepopunda, zikiganda pia zimekwisha. Zahanati za vijijini zisizo na stima zilitegemea friji za mafuta ya taa na gesi.

Hebu fikiria hiyo kazi. Mchana jua linawaka na friji inalemewa. Usiku hewa inapoa na friji inaweza kuzidisha baridi hadi kugandisha. Kuna muuguzi ambaye kila siku anasoma kipimajoto, anakata utambi, anapangusa masizi, anajaza mafuta, anarekebisha moto. Akizembea, anaweza kudunga mtoto dawa iliyokufa na hakuna atakayejua, mpaka surua ibishe hodi.

Na kaunti ya Taita Taveta ina maadui wote wawili wa friji hii. Huku chini Voi, kwenye mita kama 600 hivi, kuna joto. Ukipanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, kona juu ya kona, unakutana na mteremko. Kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Nchi tambarare iko kwenye joto, na baridi iko mahali pasipo na tambarare. Hapo ndipo ulinzi wa friji unapoanza.

Adui wa kwanza ni kuinama. Ukiegesha gari kwenye mteremko na friji inawaka, maji yanajikusanya kwenye kona ya bomba na hayarudi pale yanapochemshwa. Moto nao haujui. Unaendelea kuchoma bomba kavu, kama sufuria ya chai uliyoisahau jikoni. Dawa iliyowekwa ndani kuzuia kutu inageuka chembechembe ngumu na kuziba njia. Mabomba yamechomelewa na kufungwa kabisa kiwandani, kwa hiyo fundi wa mtaani hana pa kuingilia. Gari likiwa linatembea, maji yanatikisika na hayakai mahali pamoja. Hatari ni pale unapolala. Kwa hivyo beba pimamaji ndogo, iweke sakafuni mwa friji, sogeza gari au weka mbao chini ya gurudumu mpaka ikae sawa. Huwezi kupata tambarare? Izime.

Adui wa pili ni joto lililonaswa. Joto la moto na joto la chakula chako yote yanatokea nyuma. Ukiibana friji kwenye kabati bila tundu, inajipika yenyewe. Inataka tundu chini la kuingiza hewa ya nje na tundu juu la kutoa ile ya moto. Kwa jua la Voi, geuza upande wa friji uwe kivulini, ongeza feni ndogo ya volti 12 hapo nyuma, na usiingize sufuria ya githeri inayofuka moshi. Iwashe usiku wa kabla ya safari, ndipo upakie vitu vilivyopoa tayari.

Moto wenyewe uwe buluu. Ukiwa wa manjano na unatoa masizi, zima, usafishwe. Moshi wake utoke nje kabisa, maana gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu usingizini. Barafu usiikwangue kwa kisu. Ukiona unga wa manjano kwenye mabomba ya nyuma, au ukisikia harufu kali inayochoma macho, funga gesi, fungua milango, toka. Friji hiyo imevuja na haiwashwi tena.

Nasisitiza kwa sababu mwaka 2006 kampuni ya Dometic iliita friji zake takriban laki tisa Marekani. Bomba la kuchemshia lingeweza kupasuka na kuvujisha vilivyomo karibu na moto. Hiyo ni kampuni kubwa, yenye wahandisi. Wewe na gari lako la mtumba huna sababu ya kujiona spesheli.

Sasa hivi friji za chanjo zinazotumia jua zinachukua nafasi ya zile za mafuta ya taa, na ni vizuri. Lakini historia ya teknolojia tunayofundishwa ni ya aliyevumbua na aliyeleta. Aliyeitunza hayumo. Von Platen na Munters wana majina vitabuni. Muuguzi aliyesawazisha friji kwa kipande cha mbao kwenye sakafu ya udongo, akailinda na jua la saa nane, jina lake liko labda kwenye daftari la halijoto lililoliwa na mchwa.

Wengi wao sasa ni wastaafu, na wapo. Kama nyanya yako au jirani alifanya kazi zahanati miaka hiyo, mtafute, mwekee simu irekodi, muulize aliwezaje. Anajua kuhusu hiyo friji unayotaka kununua mambo ambayo muuzaji hatakwambia.